Kabla ya Kubadili Kamera: Biashara ya Picha Musoma, Bunda na Butiama

Mpiga picha wa Bunda mjini aliyeanza kazi na Canon EOS 1100D, kamera iliyoingia sokoni mwaka 2011, hufika wakati akaanza kuitamani EOS 2000D ya mwaka 2018. Zote mbili ni kamera za ngazi ya kwanza, zilizotengenezwa kwa ajili ya anayeanza, na zote mbili zimekuwa nyenzo ya riziki kwa vijana wanaopiga harusi, mahafali, kipaimara na paspoti saizi. Swali lake ni la fedha: auze ya zamani, aongeze kiasi, achukue mpya? Watu wengi hulitafutia jibu kwenye orodha ya sifa zilizoandikwa ubavuni mwa boksi. Mimi nalitafuta katika historia ya kazi yenyewe mkoani Mara, kwa sababu historia hiyo inaonyesha jambo moja waziwazi. Kamera zimefika katika pwani hii ya mashariki ya Ziwa Victoria tangu zamani, na baadhi yake zilikuwa bora kuliko zote za wakati wake. Lakini aliyenufaika na picha, tangu enzi ya Wajerumani mpaka leo, aliamuliwa na mambo mawili mengine: njia ambayo picha ilipita kutoka kwenye kamera hadi mkononi mwa mtu, na namna ilivyotunzwa baada ya kufika. Anayebadili kamera na kuiacha njia hiyo kama ilivyo amenunua toleo la mwaka mpya tu.

Tuanze na picha za mwanzo, ambazo watu wa Mara walipigwa bila kupewa. Mwaka 1910 Max Weiss, afisa wa Kijerumani, alichapisha Berlin kitabu kikubwa kuhusu makabila ya kaskazini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Wakurya wakiwa miongoni mwao, na kitabu hicho kimejaa picha. Kwa ufundi, picha za aina hiyo zinaheshimika hadi sasa. Kwa aliyesimama mbele ya kamera hazikuwa na faida yoyote, kwani ziliondoka na mwenye kamera, zikasafishwa mbali na kuuzwa mbali. Wamisionari walifuata njia iyo hiyo kwa nia tofauti. Wamenoni kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, kisha wakaenea hadi Bukiroba karibu na Musoma na Bumangi katika nchi ya Wazanaki. Mapadri wa Maryknoll walikuja mwaka 1946 kuendeleza kazi ambayo Mapadri Weupe waliianza Nyegina. Walikuwa na kamera, na walikuwa na sababu njema ya kuzitumia: waumini wa Marekani waliotoa sadaka walitaka kuona shule, zahanati na wabatizwa. Hivyo ndivyo nyuso za mababu wa Musoma zilivyoingia katika majarida na kumbukumbu za mashirika ya kidini ng'ambo, huku wajukuu wao wakikua bila kuwajua kwa sura.

Mfano mkali zaidi ni Serengeti. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1951, na ukanda wake wa magharibi unashuka hadi karibu kabisa na ziwa. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, upande wa Bunda. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga pale filamu ya mwaka 1959 iliyoieneza Serengeti duniani kote, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Michael alikuwa amekwisha kufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na uchungu wa kifo hicho uliongeza nguvu ya filamu. Lakini mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu Serengeti na watu wa magharibi yake, anaonyesha kwamba picha ya nyika tupu isiyo na mtu iliwafuta watu walioishi, kuwinda na kuchoma nyasi pale kwa vizazi. Waikoma, Wanata, Waikizu na jirani zao waliijua nchi ile kwa majina ya vilima na koo. Lenzi zilizoelekezwa kwa nyumbu hazikuwa na kasoro yoyote. Picha ndiyo iliyokuwa ikisafiri upande mmoja, kutoka Mara kwenda nje, na aliyeamua ionyeshe nini alikuwa huko inakokwenda. Ubora wa kamera haukuweza kulirekebisha hilo.

Picha ilianza kubaki kwa mwenyewe pale biashara ya studio ilipoingia. Pwani ilitangulia sana: Zanzibar ilikuwa na studio ya Mgoa A. C. Gomes tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Bara, ufundi huo ulifuata njia za mizigo. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaziunganisha bandari zake, Musoma ikiwamo. Kwa hiyo mji huu ulitazama Kisumu na Mwanza kuliko ulivyoitazama Dar es Salaam, na bidhaa ndogo za anasa, karatasi na dawa za picha zikiwa mojawapo, zilikuwa na njia ya kuja kwa maji. Baada ya Uhuru, picha iliacha kuwa anasa. Serikali mpya ilihitaji uso wa mtu kwenye hati ya kusafiria, leseni na majalada ya watumishi. Shule ziliuhitaji kwenye fomu. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Mwisenge, ile shule ya Musoma aliyoanza kusoma Julius Nyerere mwaka 1934, alihitaji picha ndogo kadhaa za aina moja, na alizihitaji kwa tarehe maalumu. Paspoti saizi ikawa ugali wa mpiga picha. Harusi na ubatizo vilikuwa kitoweo.

Tazama mahitaji ya studio ya wakati ule, ndipo utaona kamera ilikuwa sehemu ndogo kiasi gani. Mkanda wa upana mkubwa ulitoa picha kumi na mbili za mraba. Ule wa milimita 35 ulitoa 36. Mpiga picha hakuweza kusafisha mkanda hadi uishe, isipokuwa akubali hasara, kwa hiyo mteja wa kwanza alimsubiri wa mwisho. Kulikuwa na chumba cha giza, dawa ya kukuza, dawa ya kukaza, maji safi ya kusuuzia, karatasi isiyopaswa kuonja mwanga kabla ya wakati, taa na pazia. Kamera yenyewe, ikiwa Yashica ya Kijapani, Zenit ya Urusi ya Kisovieti au Praktica ya Ujerumani Mashariki, ilikuwa chombo cha chuma kinachofunguliwa na kutengenezwa, na ilitumika miaka kumi au ishirini. Mambo mawili tu ndiyo mpiga picha aliyoyahitaji kwayo: shata isiyokwama na lenzi isiyo na ukungu. Karatasi na dawa vilikuwa tofauti, kwani vilikwisha kila wiki na vyote vilitoka nje ya nchi.

Miaka ya 1977 hadi 1984 ililithibitisha hilo kwa ukatili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari mwaka huo. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mkoa ambao Nairobi na Kisumu zilikuwa jirani zake wa biashara ukajikuta mwisho wa barabara ndefu kutoka Dar es Salaam. Juu ya hayo, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na bei ya mafuta vilimaliza akiba ya fedha za kigeni, na serikali iliyokuwa ikigawa dola kwa dawa za hospitali na vipuri vya viwanda haikuwa na sababu ya kumfikiria mwenye studio. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, ambapo kukutwa na bidhaa adimu dukani kulimtia mtu mashakani. Kamera hazikuharibika katika miaka hiyo. Zilikuwa zile zile, mikono ile ile, na wateja wakiwa na shida ile ile ya picha za fomu. Kilichokatika ni ugavi. Bajeti ya Juni 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, kilichohuisha studio za mikoani ni maboksi ya karatasi na mikanda, na aliyekuwa na ndugu wa kumletea mzigo alikuwa na biashara kubwa kuliko aliyekuwa na kamera nzuri.

Picha za rangi zilileta mageuzi ya aina nyingine, na hapa pia mamlaka yalihamia nje ya kamera. Kusafisha picha nyeusi na nyeupe kuliwezekana nyuma ya duka. Rangi zilidai mashine yenye joto la uhakika, umeme usiokatika ovyo na mtaji ambao mji mdogo hauwezi kuubeba. Mji usio na mashine hutegemea ulio nayo, na kwa Mara jiji la karibu ni Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Kwa mpiga picha, umbali huo ni nauli, kifurushi mikononi mwa kondakta, siku za kusubiri, na hofu ya mkanda wa harusi ya watu kupotea njiani. Aligeuka wakala: anapiga, anatuma, anapokea, anagawa. Faida kubwa ilibaki kwa mwenye mashine. Hizo ndizo enzi ambazo minofu ya sangara kutoka viwanda vya samaki vya Musoma ilikuwa ikisafirishwa Ulaya, na Bunda ikiuza pamba kila msimu. Sherehe ziliongezeka na albamu za plastiki zikajaa. Mwenye haraka aliokolewa na picha za papo kwa papo. Karatasi hizo zilikuwa ghali na picha zake hazikuwa na negativu, kwa hiyo nakala ya pili haikuwezekana, lakini zilimpa mteja picha yake akiwa bado amesimama pale. Watu walizilipia. Kwa kipimo cha ubora wa lenzi zilikuwa duni, kwa kipimo cha njia zilikuwa fupi kuliko zote, na njia ilishinda.

Kuna atakayenipinga hapa. Atasema: kamera ya kidijitali ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na hiyo ni kamera. Ni kweli ilibadilisha kila kitu. Nikon ilitangaza D1 mwaka 1999, mwaka ule ule ambao waandishi wa habari kutoka pande nyingi za dunia walikusanyika Butiama kwa mazishi ya Mwalimu Nyerere, tarehe 23 Oktoba. Ilikuwa na megapikseli 2.7 na bei ya zaidi ya dola 5,000. Ilikuwa ya mashirika ya habari. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, megapikseli 6.3, bodi yake, yaani kamera bila lenzi, ikiuzwa Marekani kwa dola 899, na ndiyo ikafungua ngazi ya kwanza tunayoizungumzia. Nikon ikajibu kwa D70 mwaka 2004 na D40 mwaka 2006. Lakini tujiulize kilichobadilika Musoma kilikuwa kitu gani. Picha za kamera hizi za awali hazikuwa bora kuliko picha za mkanda uliopigwa vizuri. Wapiga picha wengi wa zamani waliziona mbaya zaidi, hasa kwenye gauni jeupe juani, pale mwanga unapozidi na kitambaa kupoteza mikunjo yake yote. Zilishinda kwa sababu zilifuta mkanda, dawa na safari ya Mwanza. Kompyuta moja na printa moja kwenye kibanda karibu na stendi vilirudisha Bunda ile kazi ambayo picha za rangi zilikuwa zimeipeleka Mwanza. Kubadili kutoka mkanda kwenda kadi kulilipa kwa sababu kulifupisha njia. Kubadili kutoka kadi kwenda kadi ni jambo jingine kabisa, na kosa la wengi ni kutegemea faida ya mabadiliko yale ya kwanza ijirudie kila toleo jipya linapotoka.

Njia hiyo fupi nayo haikubaki bila mshindani. Serikali, iliyokuwa mteja mkubwa asiyeonekana wa kila studio, ilianza kupiga picha yenyewe. Vitambulisho vya taifa vilizinduliwa Februari 2013, na mwaka 2015 daftari la wapiga kura likaandikishwa kwa mashine za kibayometria za BVR. Katika shughuli zote mbili mwananchi alikaa mbele ya kamera ya ofisa na kuondoka bila kupita kibandani. Simu zikachukua picha za kawaida. Kodak, jina lililokuwa juu ya milango ya studio nyingi za Afrika Mashariki, iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012. Polaroid ilikuwa imetangaza mwaka 2008 kuacha kutengeneza karatasi zake za papo kwa papo, na Fujifilm ikaacha karatasi yake ya papo kwa papo ya FP-100C, iliyotegemewa kwa paspoti, mwaka 2016. Waliosalia katika kazi hii mkoani ni wale waliogeukia mahali ambapo simu haitoshi: sherehe, picha zenye pazia la bluu kwa hati ya kusafiria, na picha za mahafali zinazochapwa na kuuzwa papo hapo kabla wazazi hawajapanda gari. Hao ndio sasa wanaofikiria kubadili kamera.

Basi tuzipime hizo kamera mbili kwa macho ya kazi. EOS 1100D ina megapikseli 12. EOS 2000D ina 24. Picha ya kawaida ya albamu, sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji takriban megapikseli 2. Ya ukubwa wa karatasi ya A4 haifiki 9. Ile 300D ya mwaka 2003 tayari ilikuwa na ziada kwa kila picha iliyowahi kuwekwa kwenye albamu ya Musoma, na mteja anayepokea picha kwa WhatsApp hupokea nakala iliyokwisha kupunguzwa. Nukta za kulenga kwenye 1100D ni 9. Kwenye 2000D ni 9. Kasi ya kupiga mfululizo ni picha 3 kwa sekunde kwa zote mbili. Kiwango cha kawaida cha juu cha ISO ni 6400 kwa zote mbili, ingawa mpya inaweza kusukumwa hadi 12800 kwa gharama ya chengachenga. Hata betri ni moja, LP-E10, na kihisi cha mwanga kina ukubwa ule ule kwa kipimo cha jicho. Kilichozidi ni kioo cha nyuma kilicho kikubwa na angavu zaidi, video ya mistari 1080 badala ya 720, na Wi-Fi. Miaka saba inatenganisha matoleo haya, na kwa mtu aliye ndani ya ukumbi wa harusi saa tatu usiku, kamera ni karibu ile ile.

Linganisha na lenzi. Ile ya 18-55 inayokuja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, hufunguka kufikia f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo Canon imeiuza kwa bei ya chini tangu toleo la pili la mwaka 1990 na kuiboresha mwaka 2015, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Hakuna bodi ya ngazi ya kwanza iliyowahi kumpa mpiga picha mara kumi ya kitu chochote. Kanisani Bunda jioni, au kwenye sebule ya Butiama yenye balbu moja, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha uso unaoonekana na uso uliozama kizani. Flashi ya juu iliyotumika, inayoweza kuinamishwa ipige dari au ukuta, inafuata kwa umuhimu. Lenzi na flashi, zikinunuliwa kwa busara, hufanya kazi kwenye bodi ya zamani leo na kwenye bodi yoyote ya EOS atakayopata kesho. Hata kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha ndani, za ukoo wa EOS R ulioanza mwaka 2018, hupokea lenzi hizo kwa adapta. Wa Nikon wawe waangalifu kidogo: tangu D40, bodi zao za ngazi ya kwanza hazina mota ya kulengea, kwa hiyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zenyewe hulengwa kwa mkono.

Pingamizi la video lina uzito zaidi. Wateja wa sasa wanataka harusi itembee na kuongea, na mistari 1080 inapendeza kuliko 720 kwenye runinga kubwa. Ninalikubali, ila nasisitiza kwamba 2000D, sawa na 1100D, haina tundu la maikrofoni ya nje. Nikon D3500 ya mwaka 2018, mshindani wake wa karibu, nayo haina. Anayeuza video ya harusi ambayo viapo havisikiki ameuza nusu ya bidhaa, na kinasa sauti kidogo kilichowekwa mbele ya mchungaji kitamletea sifa kuliko bodi mpya. Anayetaka kufanya video iwe kazi yake kuu anapaswa kuvuka ngazi hii kabisa, aweke akiba mpaka afikie kamera yenye tundu hilo, badala ya kutumia akiba yake kwa hatua ya kando.

Kuna pia pingamizi la heshima, ambalo wataalamu wa mitambo hulidharau na hawapaswi. Mteja wa mitaa ya Musoma kama Nyasho au Mwigobero asiyejua f/1.8 anajua kamera iliyochubuka. Mwenye shughuli akimwona mpiga picha na kamera kuukuu, na mgeni wake akiwa na simu ya bei mbaya, huanza kuuliza kwa nini analipa. Ni kweli, na biashara ni pamoja na sura machoni pa watu. Lakini historia ya hapa inaonyesha kwamba sifa ya studio ilijengwa na kutimiza ahadi: picha kuwa tayari siku iliyosemwa, nakala ya pili kupatikana mwaka unaofuata, rangi kutofifia. Mkanda mpya wa shingoni na lenzi safi vinatosha kuisitiri bodi ya zamani. Ahadi iliyovunjwa haisitiriki.

Hoja yangu mwenyewe inanilazimisha kukubali jambo moja zaidi. Nimesema njia ya picha ndiyo inayoamua, na Wi-Fi, iliyoingia kwenye ukoo huu kupitia EOS 1300D ya mwaka 2016, ni njia. Mpiga picha anayeweza kumtumia bibi harusi picha tano kabla keki haijakatwa ana kitu ambacho aliyetangulia hakuwa nacho. Hiyo ndiyo sababu ya pekee ninayoiona nzito ya kutoka 1100D kwenda 2000D. Hata hivyo, kisomea kadi kidogo kinachochomekwa kwenye simu hufanya kazi hiyo hiyo kwa sehemu ndogo sana ya gharama, na printa ndogo ya picha, kama Selphy ya Canon, hufanya zaidi: inampa mzazi wa Butiama asiye na simu ya kisasa picha ya karatasi ile siku ya mahafali.

Limebaki suala la kutunza, na hapa ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko zote. Capital Art Studio ya Zanzibar inajulikana leo kwa sababu familia ya Oza ilihifadhi negativu zake; kamera zilizozipiga hakuna anayeziulizia. Butiama, Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yaliyofunguliwa mwaka 1999 yanaonyesha picha za mtu aliyepigwa picha nyingi sana, na Idara ya Habari Maelezo ina nyingine nyingi za viongozi. Ni vyema. Lakini wakulima wa pamba wa Bunda, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Mutex, wavuvi wa Mwigobero na walimu wa shule za vijijini walipigwa na studio za mitaani, na kumbukumbu zao ziko kwenye negativu zinazoshikana kwa unyevu wa ziwa ndani ya maboksi ya viatu. Enzi ya kidijitali imezidisha hatari. Mkanda ulioisha ulibaki kuwepo. Kadi iliyojaa hufutwa ili kupisha harusi ya Jumamosi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa mafaili makubwa zaidi, kwa hiyo mwenye diski ndogo atafuta mapema zaidi. Yaani anayepanda toleo bila kuongeza mahali pa kuhifadhia anapunguza miaka ambayo kazi yake itaishi, na akija mteja kuomba picha ya marehemu mama yake kutoka harusi ya miaka mitano nyuma, hatakuwa na cha kumuuzia.

Kwa mpiga picha wa Mara mwenye 1100D, Nikon D3100 au jirani zake, na bado inapiga, uamuzi wangu ni huu: asibadili sasa. Anunue kwanza lenzi ya 50, kisha flashi, kisha diski mbili za kuhifadhia, moja ikae kazini na nyingine nyumbani, kisha printa. Shata ikifa, ndipo atafute bodi, na iliyotumika ya ngazi ya juu kidogo itamfaa kuliko mpya ya ngazi ile ile. Na wazee waliofunga studio zao, pamoja na watoto waliorithi maboksi ya negativu Musoma, Bunda na Butiama, ninawaomba wasiyachome wakati wa kusafisha nyumba. Wayaweke mahali pakavu, wazungumze na makumbusho ya Butiama au wamtafute kijana mwenye skana, na wakati waliozijua nyuso hizo bado wako hai, waandike nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka.